Kura 124,109 kwa Jina Ambalo Meli Haikupewa

Tarehe 17 Machi 2016 Baraza la Utafiti wa Mazingira Asilia la Uingereza, linalojulikana zaidi kwa kifupisho chake NERC, liliwaalika watu mtandaoni waisaidie kuipa jina meli yake mpya ya utafiti. Meli hiyo ilikuwa kazi nzito: gharama takriban pauni milioni 200, urefu karibu mita 129, yenye uwezo wa kupasua barafu na kuwafikisha wanasayansi Antaktika na Aktiki. Waandaaji walitarajia majina yanayolingana na uzito huo. Kura ilipofungwa tarehe 16 Aprili, jina lililokuwa juu ya mengine yote lilikuwa Boaty McBoatface, kwa kura 124,109, zaidi ya mara tatu ya jina lililolifuata. Ni jina la kitoto kwa makusudi: mashua imeitwa mashua mara mbili, kisha ikapewa na sura.

Tarehe 6 Mei mwaka huohuo waziri wa sayansi, Jo Johnson, alitangaza kuwa meli itaitwa RRS (yaani Meli ya Kifalme ya Utafiti) Sir David Attenborough, kwa heshima ya mtangazaji wa vipindi vya viumbe na mazingira ambaye siku mbili baadaye angetimiza miaka 90. Jina la Attenborough nalo lilikuwa limependekezwa na umma, ila lilipata takriban kura 11,000 tu na halikuwamo katika matatu ya kwanza.

Kisa hiki husimuliwa kwa namna mbili. Kuna wanaosema: haya ndiyo matokeo ya kuwaachia watu wa mitandaoni jambo la maana. Na kuna wanaosema: ndivyo walivyo wakubwa, wanakuuliza kisha wanafanya walichokwisha kuamua. Simulizi zote mbili zinaruka swali ambalo mimi naliona ndilo lenye faida kwa yeyote anayeandaa kura mtandaoni au anayesoma matokeo yake. Watu wote hawa walijitokeza kwa nini? Hawakulipwa. Hawakulazimishwa. Wengi wao, naamini, hawakuwahi kuisikia NERC kabla ya mwezi ule. Meli isingepita mbele ya nyumba zao. Ila walifungua tovuti ile kwa wingi kiasi kwamba ililemewa na kuanguka.

Tuangalie kwanza jinsi mambo yalivyokwenda. Jina lililoshinda lilipendekezwa na mtangazaji wa zamani wa redio ya BBC, aliyeliweka pale kwa utani katika siku za mwanzo. Lilipoanza kuvuma, yeye mwenyewe aliwaomba radhi waandaaji hadharani. Hakufanya kampeni wala hakuwa na kundi la kulisukuma. Jumla ya majina yaliyopendekezwa ilizidi 7,000. Katika bahari hiyo ya majina moja lilipaa, vyombo vya habari vikaanza kuripoti kura zake wakati shindano bado linaendelea, na kila ripoti ikawaleta wapigakura wapya.

Jina la pili halikuwa la utani hata kidogo. Lilikuwa jina la mtoto mdogo, aliyekuwa amepita umri wa mwaka mmoja kwa miezi michache, mgonjwa wa saratani isiyotibika. La tatu lilikuwa la Henry Worsley, mwanajeshi mstaafu na mvumbuzi aliyefariki Januari 2016 baada ya kujaribu kuivuka Antaktika peke yake. Chini yao yakafuata mengine, lile la Attenborough likiwamo.

Nayaweka majina haya matatu pamoja makusudi, kwa sababu masimulizi mengi yanalitaja la kwanza tu. Anayelitaja la kwanza peke yake atahitimisha kwamba watu walikuja kucheka. Anayeyatazama yote matatu ataona kwamba walioingia katika tovuti ile walikuja na mambo matatu tofauti kabisa, na kila kundi lilipewa kitufe kilekile. Kwenye hesabu ya mwisho, machozi ya wazazi na kicheko cha mpita njia vilihesabiwa kwa kipimo kimoja.

Sasa turudi kwenye swali la kwa nini. Mwaka 1968 William Riker na Peter Ordeshook, wataalamu wa siasa wa Marekani, walieleza uamuzi wa kupiga kura kwa hesabu rahisi. Mtu hutazama faida atakayopata upande wake ukishinda, huizidisha kwa uwezekano kwamba kura yake ndiyo itakayoleta ushindi huo, hutoa gharama ya kwenda kupiga kura, kisha huongeza ridhiko analopata kwa kule kushiriki kwenyewe. Walijua kwamba bila kipengele hicho cha mwisho hesabu haikubali, kwa sababu katika uchaguzi wa mamilioni uwezekano wa kura moja kuamua mshindi ni mdogo mno.

Tuiweke kura ya meli kwenye hesabu hiyo. Faida ya meli kuitwa hivi au vile, kwa mtu wa kawaida, ni karibu na sufuri. Uwezekano wa kura moja kubadili matokeo, jina likiwa limekwisha kuongoza kwa makumi ya maelfu, nao ni sufuri. Ukizidisha sufuri kwa sufuri unajua unachopata. Gharama ilikuwa ndogo mno, mbofyo na sekunde chache, lakini bado ni gharama. Kwa hiyo kila kura iliyopigwa kwa Boaty McBoatface baada ya wiki ya kwanza imebebwa na kipengele kile cha mwisho pekee. Katika uchaguzi wa serikali tumezoea kukiita wajibu wa raia. Hapa hakuna aliyehisi wajibu. Kulikuwa na kitu kingine.

Geoffrey Brennan na Loren Lomasky walikieleza kitu hicho vizuri mwaka 1993. Kwao, kura ambayo haiwezi kuamua chochote peke yake inafanana na sauti ya shabiki uwanjani: hashangilii akidhani kelele zake zitaingiza mpira golini, anashangilia kwa sababu anataka kuwa upande fulani na kujulikana kuwa yuko upande huo. Kupiga kura ni kusema. Nikiisoma kura ya meli kwa jicho hili, mengi yanakaa mahali pake. Aliyebofya jina la mtoto alikuwa akiiambia familia asiyoifahamu: nimesikia, niko nanyi. Aliyebofya jina la Worsley alikuwa akitoa salamu za rambirambi. Aliyebofya Boaty McBoatface alikuwa akijiunga na kicheko cha maelfu ya watu kwa wakati mmoja, jambo ambalo si dogo wala si la kudharauliwa. Watu wanapenda kucheka pamoja. Wakiona watu laki moja wanacheka, wanataka wawe wa laki moja na moja.

Ndiyo maana siwakubali wanaosema wapigakura wale walikuwa wajinga au wakorofi. Waliulizwa swali lisilo na madhara, wakajibu kwa furaha. Hawakumtukana mtu. Hawakuchagua jina la chuki, ingawa uwanja ulikuwa wazi, na kura za aina hii zimewahi kuharibiwa kwa chuki sehemu nyingine. Umati wa kura ya meli ulikuwa mpole, na hilo lilipaswa kusemwa zaidi kuliko lilivyosemwa.

Kuna nadharia nyingine inayosaidia hapa, nayo inahusu zaidi swali la nani anakuja na nani anabaki. Robert Groves, Eleanor Singer na Amy Corning waliandika mwaka 2000 kwamba watu wanaoalikwa kwenye utafiti hawavutwi na kitu kimoja. Mmoja anavutwa na mada, mwingine na zawadi, wa tatu na heshima ya taasisi inayouliza, wa nne na kuamini kwamba jibu lake litatumika. Kitu kinachomvuta huyu kinaweza kumsukuma yule mbali. Na la muhimu zaidi ni hili: uamuzi wa mtu unategemea kipengele kipi kimewekwa mbele ya macho yake wakati anaalikwa. Ukitangaza zawadi, wanakuja wanaotaka zawadi. Ukitangaza mada, wanakuja wenye moto na mada hiyo, iwe kwa kuipenda au kuichukia.

NERC ilitoa mwaliko ukiwa na sura ya sayansi na bahari ya barafu. Katika siku za mwanzo bila shaka waliokuja ni wenye kuvutwa na mambo hayo. Baadaye mwaliko ulibadilika bila NERC kuugusa. Mtu wa wiki ya pili hakuusikia kutoka kwa baraza la utafiti. Aliusikia kutoka kwa rafiki aliyemtumia kiungo chenye maneno ya kicheko, au kwenye taarifa ya habari iliyozungumzia jina lile na kuiacha meli pembeni. Kilichowekwa mbele ya macho yake kilikuwa utani, na waliokuja kwa mwaliko huo ni wapenda utani. Mpenda sayansi aliyeona habari hiyohiyo huenda alisema moyoni, pale pamekwisha kuharibika, sina haja. Kwa njia hiyo umati ulijichuja wenyewe bila mtu yeyote kupanga.

Hapa idadi iliyoonekana hadharani ilifanya kazi kubwa. Mwaka 2006 Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts walichapisha jaribio lililowahusisha watu zaidi ya 14,000 walioingia kwenye tovuti moja kusikiliza nyimbo 48 zisizojulikana. Baadhi waliona ni watu wangapi wamepakua kila wimbo, wengine hawakuona. Walioona idadi walirundikana zaidi kwenye nyimbo zilizokuwa mbele, na, jambo linalonigusa zaidi, ikawa vigumu zaidi kutabiri wimbo upi ungeshinda. Walipoigawa hadhira katika makundi yasiyoonana, wimbo uliopaa katika kundi moja uliweza kubaki chini katika jingine. Mwaka 2013 Lev Muchnik, Sinan Aral na Sean Taylor walionyesha jambo la jirani na hilo: maoni ya wasomaji yaliyopewa alama moja ya kukubalika kwa bahati nasibu, mara tu yalipochapishwa, yaliishia na alama za juu kwa wastani wa asilimia 25.

Kwa hiyo nikiulizwa kama Uingereza ilitaka meli yake iitwe Boaty McBoatface, nitajibu kwamba kura ile haiwezi kutuambia. Kama shindano lilelile lingeanzishwa mara kumi kwa siku tofauti, inawezekana kabisa utani mwingine ungepaa, au jina la mtoto lingewahi mbele na kubaki huko. Jina lililoshinda lilikuwa na ubora wake, lina mlio, linakaa ulimini. Lakini pia lilikuwa na bahati ya kuonekana mapema, na kila aliyeliona juu alipata sababu ya kulipandisha.

Tena kuna suala la mgawanyo. Walioitaka meli ipate jina la heshima walikuwa na maelfu ya majina ya kuchagua, kila mmoja na shujaa wake. Walioutaka utani walikuwa na mmoja uliokwisha kukubalika. Kura zenye nia moja ya kuheshimu zikatawanyika, kura za kucheka zikakusanyika. Mfumo wa kitufe kimoja kwa jina moja hauna njia ya kuonyesha kwamba watu wa majina mia tano tofauti wanakubaliana kwenye jambo la msingi. Jambo hili, kwa maoni yangu, lilikuwa kosa kubwa kuliko utani wenyewe, na halikuhusu tabia ya wapigakura hata kidogo.

Wengi wape, wahenga walisema, na usipowapa watachukua wenyewe. Waliolalamika baada ya tarehe 6 Mei walisimama juu ya hoja hiyo, na walikuwa wengi. Kulianzishwa hata ombi la mtandaoni la kumtaka Attenborough abadilishe jina lake mwenyewe ili matakwa ya umma yatimie. Hoja yao inastahili jibu la heshima, nalo ni kuuliza wengi ni akina nani.

Uingereza mwaka ule ilikuwa na watu takriban milioni 65. Hata tukichukulia kwamba kila kura ilitoka Uingereza na kila moja ilipigwa na mtu tofauti, wafuasi wa jina lile hawakufika hata watu wawili katika kila elfu. Waliobaki hawakusema ndiyo wala hapana. Hawakuja. Na kutokuja kwao hakukuwa kwa bahati nasibu, kwa sababu tumekwisha kuona kwamba kilichowaleta waliokuja kilikuwa kitu mahsusi.

Fundisho hili lina umri mkubwa kuliko intaneti. Mwaka 1936 gazeti la Marekani la Literary Digest lilituma karatasi za kura takriban milioni 10 kwa posta, likarudishiwa zaidi ya milioni 2, likatangaza kuwa Alf Landon angemshinda Franklin Roosevelt. Roosevelt alichukua majimbo 46 kati ya 48. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba tatizo lilikuwa orodha ya majina, iliyotoka kwenye daftari za simu na usajili wa magari na hivyo kuwapendelea wenye kipato. Mwaka 1988 Peverill Squire alirudia takwimu za wakati ule akaonyesha kuwa orodha ilikuwa nusu tu ya tatizo. Nusu nyingine ilikuwa mwitikio: waliompinga Roosevelt walikuwa na hamu zaidi ya kurudisha karatasi. Wenye hasira wana mkono mwepesi wa kujibu kuliko walioridhika.

Mfano wa karibu zaidi na zama zetu ni wa mwaka 2021, na ndio unaopaswa kumkosesha usingizi kila anayejivunia wingi wa washiriki. Nchini Marekani tafiti tatu zilikuwa zikikadiria ni watu wazima wangapi wamepata dozi ya kwanza ya chanjo ya UVIKO-19. Moja iliendeshwa kupitia Facebook na kukusanya majibu takriban 250,000 kila wiki. Nyingine iliwategemea watu takriban 1,000 tu kwa kila awamu. Valerie Bradley na wenzake, walipolinganisha na takwimu rasmi za chanjo, walikuta kwamba mwishoni mwa Mei 2021 ile ya Facebook ilikosea kwa pointi 17 za asilimia kwenda juu, na utafiti wa ofisi ya sensa, wenye makumi ya maelfu ya majibu, ulikosea kwa pointi 14. Ule wa watu 1,000 ulikuwa karibu na ukweli. Tafiti zote tatu zilijibiwa mtandaoni. Tofauti ilikuwa kwenye namna ya kuwapata watu na juhudi za kuwafuata wasio na hamu. Xiao-Li Meng, mtakwimu aliyekuwa miongoni mwa waandishi hao, alikwisha kueleza tangu 2018 kwamba pale ambapo sababu ya kushiriki inahusiana na jibu lenyewe, hata kidogo tu, kuongeza idadi ya washiriki kunatupa uhakika mkubwa zaidi wa jambo lisilo kweli.

Niongeze kando kidogo kwamba malipo nayo hayaponyi. Mwaka 2024 kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kiliripoti jaribio lake kwenye uchunguzi wa wanaojisajili wenyewe mtandaoni, ambako watu hujibu ili wapate ujira mdogo. Miongoni mwa waliojibu kama watu wenye umri chini ya miaka 30, asilimia 12 walisema wana leseni ya kuendesha nyambizi ya nyuklia. Watu hao walikuwa wakibofya wamalize haraka. Nikiwaweka kando ya wapigakura wa NERC, waliokuja bure kwa sababu walikuwa na jambo la kusema, naona wa NERC walikuwa wakweli zaidi. Walichosema hakikuwa jibu la swali lililoulizwa, basi, lakini walikimaanisha.

NERC ilifanya nini na jambo lile? Masharti ya shindano yalisema tangu mwanzo kwamba uamuzi wa mwisho ni wa baraza. Kwa hiyo hapakuwa na uvunjaji wa kanuni. Lakini wito wa kampeni, ule uliosambaa kila mahali, uliwaambia watu waipe meli jina. Masharti, ambayo wachache huyasoma, yaliwaambia wapendekeze tu. Mtu hushiriki kwa kile alichosikia kwenye wito. Nafikiri hapa baraza lilikopa hamasa kwa ahadi kubwa kuliko iliyokuwa tayari kuitimiza, na hilo ndilo linaloumiza watu baadaye, hata pale matokeo yenyewe yanapokuwa ya busara.

Suluhisho lililotafutwa lilikuwa zuri kuliko wengi walivyotarajia. Jina la Boaty McBoatface lilipewa moja ya nyambizi ndogo zinazojiendesha zenyewe bila mtu ndani, chombo ambacho kingefanya kazi pamoja na meli. Mwaka 2017 nyambizi hiyo ilipelekwa Bahari ya Kusini, kwenye bonde la chini ya bahari liitwalo Orkney Passage, ikashuka hadi karibu mita 4,000 kupima joto, chumvi na msukosuko wa maji. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalihusisha pepo zinazozidi nguvu juu ya bahari hiyo na kuchanganyika kwa maji ya kina kirefu, hivyo kuyapasha joto. Habari za utafiti huo zilisomwa na watu wengi kwa sababu ya jina lile. Wale waliobofya kwa kicheko mwaka 2016 walipewa njia ya kufuatilia sayansi ambayo pengine wasingeifuatilia kamwe.

Siku chache baada ya tangazo la waziri, Kamati ya Sayansi na Teknolojia ya Bunge la Uingereza ilimhoji mkuu wa NERC, Duncan Wingham, iwapo zoezi lile lilikuwa fanikio au aibu katika kuifikisha sayansi kwa watu. Yeye aliliona kuwa fanikio, kwani baraza lake lilikuwa limejulikana duniani kote. Namwelewa, na kwa kipimo cha kujulikana alikuwa sahihi. Ila kujulikana na kuusikiliza umma ni malengo mawili, na kura moja ya kitufe haiwezi kuyabeba yote kwa pamoja.

Tena, dalili zilikuwapo. Mwaka 2009 NASA iliuliza umma jina la chumba kipya cha kituo cha kimataifa cha anga. Mchekeshaji wa televisheni Stephen Colbert aliwahimiza watazamaji wake waandike jina lake, na jina lake likashinda kwa kura zaidi ya 230,000. NASA ilikiita chumba hicho Tranquility, na jina la Colbert likapewa mashine ya kukimbilia ambayo wanaanga huifanyia mazoezi. Ni kisa kilekile karibu nukta kwa nukta, miaka saba kabla ya meli, hadi kifuta machozi cha mwisho.

NASA ilijifunza. Ilipotafuta jina la gari lake la kuchunguza sayari ya Mirihi, ilianza na wanafunzi wa shule, ambao waliandika insha 28,000. Wasahihishaji wa kujitolea wakachuja hadi 155, kisha majina tisa, na tisa hayo ndiyo yaliyopelekwa kwa umma. Kura zaidi ya 770,000 zilipigwa. Umma uliambiwa kwamba kura yao ni sehemu moja ya kuzingatiwa, na Machi 2020 likatangazwa jina la Perseverance, lililopendekezwa na mwanafunzi wa darasa la saba. Siwezi kulinganisha idadi hizo moja kwa moja, kwa kuwa NASA ina hadhira kubwa kuliko baraza lolote la utafiti. Lakini watu walikuja hata pale ambapo hapakuwa na nafasi ya utani, na hata walipojua kwamba neno la mwisho si lao. Kila mmoja wa wanafunzi tisa alikuwa na hoja iliyoandikwa, na mpigakura alikuwa na kitu cha kupima kabla ya kubofya.

Njia hiyo ina gharama ambayo sioni ikitajwa. Kama NERC ingechuja majina 7,000 hadi kumi kabla ya kura, Boaty McBoatface lisingepita, na karibu hakika jina la yule mtoto mgonjwa nalo lisingepita, kwa kuwa hakuna kamati ya sayansi ambayo ingepata kigezo cha kuliingiza. Maelfu ya watu waliotaka kuifikia familia ile kwa mbofyo wao wasingekuwa na mahali pa kufanya hivyo, na wasingekuja. Mimi bado ningechuja, kwa sababu baraza lilihitaji jina na lilipaswa kuwaambia watu kwa unyoofu ni kipi wanaweza kuamua. Ila pembeni ya kura hiyo ningeacha ukurasa wa pili usio na vitufe wala hesabu, ambako mtu anaandika jina la amtakaye na sababu yake kwa maneno. Na ningewaomba watu wa baraza wausome wote.